Miti ya barabarani ihesabiwe Oktoba, sio siku ya fulana

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee hii miti ya pembeni ya barabara huku kwetu Dodoma, maana kila mwaka tunapanda na kila mwaka mashimo ni yale yale.

Mwaka jana mwezi wa nne mtaani kwetu tulipata ugeni, maturubai, spika, mgeni rasmi, fulana zikagawiwa mpaka watoto wakapata zikawafika magotini, miche arobaini ikapandwa kuanzia kijiwe cha bodaboda mpaka msikitini. Tulifurahi kweli, mi mwenyewe nilichimba mashimo matatu. Oktoba nikapita kwa mguu nikihesabu, imebaki sita. Sasa kilichonifanya niandike barua sio ile thelathini na nne iliyokufa, ni hii sita iliyopona, kwa sababu yote iko mbele ya mtu. Miwili iko kwa mama wa chapati anaimwagia maji aliyooshea mchele, mmoja uko kwa fundi baiskeli kauzungushia rimu mbovu mbuzi wasiufikie, miwili iko pale maji ya udhu yanapotokea msikitini, na wa mwisho uko kwa mzee mmoja mstaafu, huyu sasa ndo mwalimu wetu, kamwaga majivu kwenye shina kuzuia mchwa afu kaizika chupa ya maji ya lita moja na nusu kichwa chini, kaikata kitako ili ajazie, kifuniko kakitoboa kwa sindano ya moto, maji yanadondoka tone tone huko huko kwenye mizizi, anajaza kila baada ya siku tatu basi. Nilimuuliza mama wa chapati mbona unahangaika hivyo na maji yenyewe ya mgao, akacheka, "mwanangu, huu ukikua ndo banda langu, kwani mi nitapigwa jua mpaka lini?"

Ile mingine ilipandwa mbele ya ukuta, mbele ya kiwanja ambacho mwenyewe yuko Dar, mbele ya mtaro. Haina mwenyewe. Na kama mitano hivi ililambwa na greda lililokuja kuchonga barabara mwezi wa saba, yaani waliopanda na waliochonga hawakuongea, na sisi tunaolala hapo hakuna aliyetuuliza.

Halafu kuna hii ya tarehe. Aprili mosi ndo Siku ya Taifa ya Kupanda Miti na sina ugomvi nayo, mtu wa Pwani masika ndo yanamkolea mche wake unakunywa mpaka unasaza. Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba mwishoni au Desemba, ikifika Aprili inafunga mizigo. Mwaka mzima tunapata kama milimita 570 tu, sasa ukiupanda mche mvua ikiaga si umeukabidhi kwa jua na ule upepo wa vumbi kwa miezi saba? Tupande Desemba ardhi ikishaloa, hata kama mgeni rasmi ana safari.

Na mti gani upandwe, tuulizwe pia. Mtaani kwetu tuliletewa miashoki mingi, mirefu imesimama kama gwaride, kivuli chake kinamtosha mtu mmoja tena mwembamba. Mwarobaini unavumilia ukame na kivuli kipo, mjohoro nao upo, ila usiniwekee chini ya waya wa umeme maana wakija kukata matawi wanaacha kisiki.

Tangu 2017 ilipozinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani kuna sehemu zimebadilika, nisiwe mchoyo wa shukrani. Lakini wenzetu wa Freetown kule Sierra Leone wametupita kwa kitu kimoja. Mlima uliporomoka Agosti 2017, zaidi ya watu elfu moja wakafa au kupotea, 2020 meya wao Yvonne Aki-Sawyerr akaanzisha mpango wa miti milioni moja, na ujanja uko kwenye simu, mche unasajiliwa, mtu wa mtaa huo huo anarudi kuupiga picha kuonyesha bado uko hai, ndo analipwa. Malipo hayaishii siku ya kupanda, yanafuata mche kuwa mzima. (Melbourne huko Australia nao waliipa miti namba na imeili watu waripoti tawi likivunjika, watu wakaanza kuiandikia barua za mapenzi, sisi hatujafika huko.)

Najua hela hakuna. Ila nyumba itakayofikisha mti miaka mitatu si inaweza kusamehewa ada ya taka miezi kadhaa? Na sisi wananchi tusijifanye malaika, nani anachoma taka kwenye shina, nani anapigilia misumari ya bango la mganga, nani alikata mwarobaini usiku kisa unaziba kibao cha duka, tunajuana.

Mwezi wa kumi na moja tuna kikao cha mtaa. Yule mzee ana miche sitini ya mwarobaini kwenye viriba nyuma ya nyumba yake na mwenyekiti ameshaanza daftari, jina la nyumba na idadi ya miti inayoweza kuitunza, mpaka juzi kaya ishirini na mbili zilikuwa zimejiandikisha. Tunachoomba kwa wahusika ni matenga ya kuzuia mbuzi, boza la maji mara moja kwa wiki kuanzia Agosti mpaka mvua, na mtu wa barabara aje na ramani yake kikaoni atuonyeshe greda litapita wapi, kabla hatujachimba hata shimo moja.

Msomaji wenu,
Dodoma