Siku tatu za kukaa nyumbani

Columbus, Ohio

Mwalimu mwenzangu, rafiki yangu wa tangu chuo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, ila baridi tu. Umeniuliza mbona Wamarekani wanagombania rangi hata kwenye suala la mtoto kusimamishwa masomo, wakati mtukutu ni mtukutu tu. Miaka ile nikiwa mwalimu wa zamu, kiboko mkononi, ningesema kama wewe. Ngoja nikusimulie.

Wiki mbili zilizopita niliitwa shuleni kumtafsiria mama mmoja wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Mwanawe ana miaka 12. Aliambiwa darasani avue kofia ya sweta, akachelewa; akaambiwa tena, akasonya. Adhabu: siku tatu nyumbani. Kwenye fomu, mahali pa kosa, paliandikwa neno moja: ukaidi.

Mama kwanza alimgeukia mtoto. "Ulisonya? Mbele ya mwalimu?" Kisha akamkabili mkuu wa shule: "Hii ni azabu gani, mutoto anakaa nyumbani siku tatu? Si mumupige fimbo mbili arudi mu darasa?" Mkalimani hapunguzi wala haongezi, nikatafsiri vilevile, fimbo na yote. Chumba kizima kikanyamaza. Huku mzazi akitaja fimbo mbele ya watu wa shule anaweza kujikuta anafuatwa na ustawi wa jamii, moyo ulinidunda. Namshukuru Mungu mkuu wa shule alimwelewa, akajibu kwa upole kwamba wao hawachapi.

Lakini yule mama aliuliza swali la maana kuliko sote mle ndani. Siku tatu bila masomo, kwa mtoto ambaye bado anahangaika na lugha, zinamfunza nini?

Nikaomba kujua kama mtoto alisikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Nikaambiwa ndiyo. Alisikilizwa kwa Kiingereza, na ana miezi saba tu nchini. Alinyamaza, na fomu ikaandikwa kwamba hakuwa na la kusema. Rafiki yangu, hapo nilishindwa kujizuia, machozi yakanilengalenga.

Maana haki hiyo ya kusikilizwa ilipiganiwa katika mji huuhuu ninaokaa. Mwaka 1971, wakati wa misukosuko ya kirangi katika shule za Columbus, kijana Dwight Lopez alisimamishwa pamoja na wenzake wapatao 75 baada ya fujo kwenye ukumbi wa chakula. Alisema hakushiriki, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 22 Januari 1975 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua: hata kwa adhabu ya siku 10 au pungufu, mtoto aambiwe kosa lake, akikana aelezwe ushahidi, naye apewe nafasi ya kusema upande wake. Mwaka mmoja kabla, katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, mahakama hiyohiyo ilisema shule haiwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza ahangaike mwenyewe bila msaada. Msingi ulikuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964.

Sasa rangi. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ilionyesha kwamba Weusi walikuwa asilimia 15.5 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini asilimia 39 ya waliosimamishwa. Utaniambia labda ndio wakorofi zaidi. Nami niliwaza hivyo, mpaka nikasoma utafiti wa Russell Skiba na wenzake wa mwaka 2002. Wazungu walipelekwa ofisini zaidi kwa makosa yanayoonekana, kama sigara au kuharibu mali. Weusi kwa dharau na kelele. Sigara unaishika mkononi. Dharau iko machoni pa anayeitazama.

Serikali ya Obama ilizionya shule juu ya hilo Januari 2014. Serikali ya Trump ikaufuta mwongozo huo Desemba 2018, na Aprili 2025 Trump akatia saini amri kwamba adhabu zipimwe kwa tabia ya mwanafunzi, si kwa tofauti za takwimu za rangi. Wanaoiunga mkono si wote wabaguzi, nakuapia. Kuna walimu waliopigwa darasani, wakaona uongozi unaogopa takwimu kuliko unavyowalinda, na watoto wanaotaka kusoma nao wana haki yao. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Ila mwenye kupiga hafanani na aliyesonya, na ukizifumbia macho takwimu, nani atajua neno "ukaidi" linaandikiwa watoto gani? Jimbo la California limefika mahali pa kuzuia shule kumsimamisha mtoto kwa ukaidi peke yake. Mimi naona wamefanya vyema.

Yule kijana alirudi Alhamisi. Tumeomba safari nyingine mkalimani aitwe kwanza, hata kwa simu, na mkuu wa shule amekubali kwa maandishi.

Nina ombi. Kanuni zetu za viboko za Tanzania za mwaka 2002 zinataka kila kiboko kiandikwe daftarini. Hebu lifungue daftari la shuleni kwenu, uhesabu ni mara ngapi sababu iliyoandikwa ni "utovu wa nidhamu" na hakuna kingine, na majina yanayojirudia ni ya watoto wa akina nani. Niandikie ukishamaliza.

Wako akupendaye daima.