Wenye maduka Dodoma, mpeni mnunuzi wa mashine ya kufulia karatasi ya Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye maduka ya vyombo vya umeme hapa Dodoma, pamoja na wateja wao, kuhusu mashine ndogo za kufulia. Tangu Serikali ihamie huku, mji umejaa wapangaji wa chumba na sebule, na mashine za kilo 3 hadi 7 ndizo zinazowafaa. Mnunuzi huondoka dukani na risiti, kitabu cha Kiingereza au Kichina, na mara nyingine aibu, kwa kuwa alipotaja jina la mashine alisahihishwa mbele za watu. Kitabu hakisomwi, na aliyeaibika haulizi tena. Mashine inaingia nyumbani bila mtu kujua inataka nini.

Nianze na hayo majina. Hisense husomwa "Hai-sens". Haier ni "Hai-er", na wengi huivuta ikawa "Haya". Kampuni zote mbili ni za mji mmoja, Qingdao nchini China, na "hai" ya mwanzo katika yote mawili ni bahari kwa Kichina. Kwenye simu yenye kelele majina haya yanakaribiana sana, ilhali spea za moja haziingii kwenye nyingine. Midea, Wachina wenyewe huiita "Mei-di". Miele ya Ujerumani ni "Mii-le", Bosch ni "Bosh", na Siemens kwa Kijerumani huanza na sauti ya z, "Zii-mens". Beko ya Uturuki isome tu kama neno la Kiswahili. LG ni herufi mbili, "el-ji".

Ni vizuri kuyajua hayo, lakini asichekwe mtu. Mwaka 1984 kiwanda cha majokofu cha Qingdao kiliingia mkataba wa teknolojia na kampuni ya Kijerumani ya Liebherr. Jina hilo katika vinywa vya Wachina likawa "Li-bo-hai-er", na silabi mbili za mwisho ndizo zilizokuja kuwa Haier. Ikiwa Wachina walilitamka jina la Kijerumani kwa ulimi wao na likazaa jina linalojulikana duniani kote, mama wa Chang'ombe anayesema "Haya" ana kosa gani? Apewe kiti, aelezwe mashine.

Kinachompotezea mteja fedha ni namba ya modeli. Kampuni moja inaweza kuwa na mashine nyingi za kilo 7, na pampu ya hii isikae kwenye ile kwa sababu ya tundu moja tu la skrubu. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibao au stika: nyuma ya mashine ya kupakia juu, au kwenye ukingo wa mlango wa ile ya mbele. Ipige picha siku ya kwanza, kabla unyevu haujaifuta, na dukani waiandike kwenye risiti. Ukiisoma kwa simu taja herufi moja moja, ukitenganisha O na sifuri, I na moja, B na nane. Hata hitilafu zinazotokea kwenye kioo zinataka usomaji huo. IE kwenye mashine ya LG maana yake maji hayaingii ipasavyo, na kwa Samsung tatizo hilohilo huandikwa 4C, au 4E kwenye zile za zamani. Fundi akitajiwa vizuri, anakuja na kifaa sahihi.

Na hapo kwenye maji kuingia ndipo penye kilio kikubwa cha Dodoma. Mashine nyingi za kujiendesha zenyewe zinataka presha isiyopungua MPa 0.03 hadi 0.05. Kwa lugha ya nyumbani, maji yawe juu ya valvu ya mashine kwa mita 3 hadi 5. Tanki lililokaa kwenye mnara wa mita 2 halifiki hapo, kwa kuwa valvu yenyewe iko karibu mita moja kutoka sakafuni. Maji yatachuruzika, mashine itasubiri, kisha itasimama na kuandika hitilafu. Mteja atasema ni mbovu, atairudisha, na dukani wataijaribu kwenye bomba lenye nguvu na kuiona nzima. Dawa ni kuinua tanki au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha. Nyumba isiyoweza kufanya hivyo, au inayopata maji kwa mgao, inunue ya mapipa mawili, ile inayojazwa hata kwa ndoo. Namshauri hivyo hata mwenye fedha ya kununua kubwa.

Ya mapipa mawili ina faida nyingine: maji yaleyale ya sabuni hufua nguo nyeupe kwanza, kisha za rangi, mwisho jinzi na nguo za kazi. Ila nyingi hazina pampu. Maji hutoka kwa kuteremka tu, hivyo bomba la kutolea lilale chini wakati wa kumwaga na lining'inizwe juu wakati wa kufua. Kwenye pipa la kukamulia usijaze kama ulivyojaza la kufulia, maana uwezo wake ni mdogo. Zipange nguo kwa kuzizungusha ukutani mwa pipa, zibane na kifuniko cha ndani, ndipo ufunge. Zikiegemea upande mmoja pipa hugonga, na kila likigonga beringi na sili ya chini zinaumia. Blanketi zito lililolowa usilitie humo kabisa.

Ya mlango wa mbele ni kinyume. Ina pampu, kwa hiyo bomba lake la maji machafu liinuliwe sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni. Ukililaza chini, maji yatavutwa nje huku mashine ikijaza, na itajaza bila kutosheka. Nyuma yake kuna boliti 3 au 4 za usafirishaji zinazoshikilia pipa lisicheze njiani. Zifunguliwe zote kabla ya kuwasha! Zikiachwa, mashine itatetemeka na kutembea sebuleni mpaka vifaa vya ndani vikatike, na uharibifu huo mara nyingi dhamana haiugusi. Boliti zihifadhiwe. Mpangaji anayehama Nkuhungu kwenda Ilazo atazirudisha kabla ya kuipakia kwenye gari.

Maji yetu ya visima vya Mzakwe ni magumu. Angalia birika la umeme: ule utando mweupe unaoganda ndani ndio huohuo unaoganda kwenye hita ya mashine, kwa sababu maji magumu huacha chokaa yakipashwa moto. Hita iliyovikwa chokaa hutumia muda mrefu kupasha na mwisho huungua. Fua kwa maji baridi au nyuzi 30 hadi 40, na moto wa 60 uuache kwa mashuka na nguo za mtoto. Umeme nao utapungua, kwani hita ya wati 2000 ikiwaka nusu saa imekula uniti nzima ya LUKU, na mota peke yake haifiki huko. Hita hiyo huvuta karibu ampea 9, hivyo ekstensheni nyembamba itapata moto. Chomeka moja kwa moja ukutani, kwenye soketi yenye waya wa ardhi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, endesha mashine tupu kwa nyuzi 60 ukiwa umetia gramu 100 za ndimu ya unga ndani ya pipa. Usiichanganye na dawa ya kung'arisha yenye klorini, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Ugumu wa maji huwafanya watu wazidishe sabuni, na sabuni ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi. Ndani ya mashine ya mbele povu huzuia nguo zisidondokeane, nazo husafishika kwa kule kudondokeana. Tena pampu haiwezi kusukuma povu. Nunua sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, na kwa nguo kavu kilo 3 anza na vijiko viwili vya chakula, kama gramu 30. Nguo zikitoka hazijatakata, ongeza kijiko kimoja.

Maji yakirudi baada ya mgao huja na mchanga. Unakwama kwenye chujio dogo mahali bomba linapoingilia mashine. Funga koki, chomoa umeme, fungua bomba, vuta chujio kwa koleo taratibu, lisugue kwa mswaki wa zamani. Chujio la pampu liko chini mbele, na humo hukutwa sarafu, vibanio na vifungo. Tandika kitambaa kabla ya kulifungua, maji yatamwagika.

Jambo moja la bei. Muuzaji akikushawishi ulipie zaidi kwa mashine inayokamua kwa mizunguko 1400 kwa dakika, fikiri mara mbili. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu na upepo haukosi, nguo zilizokamuliwa kwa 800 zinakauka kambani upesi. Fedha hiyo inunulie kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka.

Haya yote yanaenea ukurasa mmoja. Naomba kila duka lichape ukurasa huo kwa Kiswahili, lijaze namba ya modeli na presha inayotakiwa, liubandike ubavuni mwa mashine kabla haijatoka mlangoni, na kijana wa dukani amsomee mteja sehemu ya boliti na ya maji kabla ya kupokea fedha.

Fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani,
Dodoma