Kodi ya mapato ni halali, tuzungumzie theluthi

Ndugu Mhariri,

Katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara hapa Kigoma inazunguka hoja kwamba serikali haina mamlaka kisheria ya kukusanya kodi ya mapato, na anayelipa analipa kwa hiari yake. Wapo wenzangu pale soko la Mwanga wameanza kuiamini.

Hoja hiyo ni ya Marekani. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ya huko ilibatilisha kodi ya mapato, na mwaka 1913 Katiba yao ikafanyiwa Marekebisho ya 16 ili Bunge lao liweze kuitoza. Tangu hapo wamekuwapo wanaodai kwamba majimbo hayakuyaridhia ipasavyo. Mahakama zimewakatalia kila mara, na Irwin Schiff, aliyejipatia jina kwa kuhubiri kwamba kodi hiyo ni ya hiari, alifia kifungoni mwaka 2015. Anayetaka kumfuata aanze kwa kutafuta wa kumtunzia duka.

Kwetu Ibara ya 138 ya Katiba ya 1977 inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria iliyotungwa na Bunge. Bunge lilitunga Sheria ya Kodi ya Mapato mwaka 2004, inayotumika hadi Zanzibar kwa kuwa kodi hiyo ni jambo la Muungano. Basi.

Kinachotuumiza ni makadirio ya kodi. Mwenye kibanda cha dagaa asiye na daftari la mauzo anapewa kiasi, anaona kimezidi, ananung'unika wiki nzima, kisha anakopa alipe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamruhusu kumwandikia Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) pingamizi ndani ya siku 30, na asiporidhika aende Bodi ya Rufani za Kodi. Tatizo ni kwamba pingamizi halipokelewi mpaka alipe kwanza kiasi asichokibishia au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Ukikadiriwa 900,000, unatoa 300,000 kabla hujasikilizwa. Kampuni kubwa itazipata. Mama wa mawese azitoe wapi?

Sheria hiyo hiyo inampa Kamishna nafasi ya kupunguza au kusamehe malipo hayo ya awali kukiwa na sababu za msingi, ila sijakutana na mfanyabiashara mdogo anayelijua hilo. Naomba TRA, kila inapomkabidhi mtu makadirio, imwambie papo hapo habari za siku 30 na za msamaha huo. Na wabunge wetu wa Kigoma wapeleke hoja ya kuwaondolea theluthi wenye mauzo madogo.

Najua nitajibiwa kwamba theluthi ikiondolewa kila mtu atapinga ili kuchelewesha malipo. Wakubwa, huenda. Mdogo anayefunga kibanda kutwa nzima kufuatilia barua yake amekosa mauzo ya siku hiyo. Hana faida ya kuchelewesha.

Mfanyabiashara,
Mwanga, Kigoma