Mdogo wangu, kuhusu lile somo la Takwimu

Mdogo wangu,

Huu mwezi wa tano hupokei simu zangu. Mama kaniambia ujumbe wangu unaufuta bila kuufungua, ila ninayoyaandika hapa unayapitia kimyakimya usiku. Basi nakuandikia hapahapa. Anayepita njia naye asome tu, humu hamna siri ambayo ukoo mzima haujaisikia, tena kwa simulizi yako.

Hujambo lakini? Kile kikohozi kimekwisha?

Sitazunguka. Nataka tuzungumze habari ya ule ubao wa matangazo wenye orodha ya wahitimu.

Ulikuwa umelikunja joho juu ya mkono wa kushoto, kikaratasi cha namba cha waliokukodisha bado kimebanwa kwenye ukosi. Nyuma ya kioo zilikuwapo karatasi sita, majina yamepangwa kwa alfabeti. Ulipitisha kidole juu ya kioo kutoka juu hadi chini, ukarudi juu, ukashuka tena polepole, na kidole kikaacha mstari wa jasho ambao niliendelea kuuona hata ulipokuwa umekwisha kukitoa. Baba akavaa miwani, akasogea kukusaidia. Orodha ilifuata jina la ukoo, kwa hiyo mzee wa watu alikuwa anatafuta jina lake mwenyewe. Alilitafuta mpaka karatasi ya sita, akarudi ya kwanza. Shangazi akauliza, "Kwani imekuwaje?" Wewe hukumtazama mtu. Ukasema, "Muulizeni dada."

Maneno mawili. Kisha ukaondoka na joho lako, ukaniacha mbele yao nimeshika mfuko wa kamera.

Jina kukosekana nilishakusamehe siku ileile, maana kuchelewa kuhitimu si msiba. Hilo la "muulizeni dada" ndilo ninaloamka nalo usiku.

Kwa kuwa waliniuliza, nami nikajibu nikibabaika, acha nijibu vizuri leo. Mwaka wako wa pili ulinipigia jioni moja ukasema Takwimu inakushinda. Kipindi saa moja asubuhi, mwalimu anafuta ubao kabla hujanakili, na jaribio la kwanza umepata ambacho hukutaka hata kunitajia. Nikakwambia uliache, ukachukue lile somo jepesi la Takwimu la kitivo cha jirani, kwa sababu mimi nilifanya hivyohivyo na nikahitimu. Na nikakwambia usome mwongozo, kile kitabu cha chuo chenye masharti ya masomo. Hili la mwongozo nimelirudia kwa baba, kwa mama, kwa shangazi na kwa kila aliyeuliza: nilimwambia asome mwongozo.

Na sikukudanganya. Katika mwongozo wa mwaka niliodahiliwa mimi, masomo yote mawili ya Takwimu yalikubaliwa. Wewe uliingia miaka minne baadaye, na hapo katikati mtaala ulikwisha kubadilishwa. Aghalabu mwanafunzi hufungwa na mwongozo wa mwaka aliodahiliwa yeye, dada yake awe alisoma nini. Wa kwako ulitaka Takwimu ya idara yako, hiyo tu. Lile jepesi liliingia kwenye jumla ya krediti zako, zile pointi ambazo kila somo hukuongezea, kama somo la kuchagua, na kisanduku cha somo la lazima kikabaki kitupu.

Ndiyo maana hukushtuka mapema. Kila ulipofungua akaunti yako ulitazama jumla, na jumla ilikuwa imejaa, tena inafurika. Ulikuwa na krediti za kuzidi! Uliongeza somo la upigaji picha na lile la historia ya uchoraji ambalo hukuacha kulisimulia, ukakosa kisanduku kimoja. Ni kama mtu aliyehesabu funguo zake zote kumi na asigundue kwamba wa mlango wa mbele ni wa nyumba nyingine.

Tangu siku ile nimegeuka msomaji wa miongozo. Nimesoma hata ya nchi ambazo hakuna kati yetu atakayekwenda kusoma, na usicheke, nilikuwa natafuta ushahidi kwamba jambo hili huwakuta watu wengi. Nikaupata. Marekani shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na mwenye krediti 12 kwa muhula huhesabiwa mwanafunzi wa muda wote. Sasa piga hesabu: mihula 8 mara 12 ni 96. Mtu anasoma miaka minne bila kuruka muhula, hakuna aliyemwita ofisini kumwonya, na mwishoni amepungukiwa 24. Ilitakiwa 15 kila muhula. Uingereza nako hiyohiyo 120 ni ya mwaka mmoja tu, shahada ya kwanza ya "honours" kwa kawaida ni 360. Vyuo vingi vya Ulaya huhesabu 60 kwa mwaka, 180 kwa shahada ya miaka mitatu, na kila krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, mihadhara na kujisomea pamoja. Namba ileile, huku ni shahada nzima, kule ni mwaka mmoja. Kama ningelijua hilo jioni ile nisingekwambia "mimi nilifanya hivyohivyo" kwa ujasiri ule. Lakini nawe, bwana, miaka minne! Miaka minne hukufungua kitabu ulichopewa wiki ya kwanza bure? Nilikikuta chumbani kwako kimewekwa chini ya feni isitikisike.

Na fomu ya kuomba kuhitimu. Hilo huwa hulisemi unaposimulia. Ulidhani ukimaliza mitihani jina litajiandika lenyewe, kumbe vyuo vingi havimwingizi mtu kwenye orodha mpaka aombe, na akiomba ndipo ofisi hukaa na rekodi zake na kukagua kisanduku kwa kisanduku. Fomu yako ilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa mwisho. Ungeijaza wiki ile, ofisi ingekuonyesha pengo wakati Takwimu ndiyo kwanza inaanza, maana hufundishwa muhula wa kwanza peke yake. Uliijaza siku ya kufunga, usiku, ukinipigia kuuliza namba ya kitambulisho cha baba. Hapo nilikuwa na kosa gani? Namba nilikupa.

Hata lile jepesi lingeweza kukubaliwa. Idara nyingi zina njia ya kuomba somo moja lihesabiwe badala ya lingine, kwa maandishi na saini ya mkuu wa idara, na kwenu ilitakiwa uombe kabla ya kulisoma. Ulipokwenda kuomba baada ya ubao, ukarudi unasema wana roho mbaya. Walikuwa na tarehe tu.

Nimechora upya masomo yako kwenye karatasi, najua hukuniomba. Nimeanzia mwisho nikirudi nyuma: siku ya kuhitimu, kabla yake tarehe ya fomu, kabla yake mitihani, kabla yake muhula ambao somo linafundishwa, kabla yake siku za usajili. Kila somo la lazima nimelipa mstari wake, na pembeni nimeandika muhula linapofundishwa, kwa sababu hapo ndipo watu wanapofia. Somo linalofundishwa mara moja kwa mwaka ukilikosa kwa wiki moja umelikosa kwa miezi kumi na miwili. Masomo ya kuchagua sikuhangaika nayo, hayo hujijaza. Nilitumia kama nusu saa, na nusu saa hiyo ilinitia uchungu zaidi kuliko ubao, kwa sababu ingeweza kutumika jioni ile uliponipigia.

Utasema sasa ndiyo najua. Sawa. Lakini wewe ulikuwa na mshauri wa masomo, mlango wake uko ngazi moja chini ya darasa lako, na kazi yake ni hiyo. Mimi nilikuwa mbali, natoka kazini, nina kichwa kinachogonga, na bado nilipokea simu yako. Siku zote nimepokea. Ile ya baiskeli nilipokea saa nane usiku, sikumwambia baba mpaka leo. (Baba, ukisoma hili, yalikwisha.) Mtu anayepokea simu kila mara ipo siku atajibu vibaya. Yule asiyepokea hajibu vibaya kamwe, na wewe ulichagua kunikasirikia mimi badala ya wale ambao hawakupokea.

Nilikuwa nimefika hapa jana usiku, nikataka kunakili maneno yangu yenyewe, yale ya mwongozo, niyabandike hapa kila mtu ayaone. Baada ya simu ile nilikuwa nimekuandikia ujumbe, nikajua yamo. Nikarudi nyuma miaka yote ile, nikipita picha zako za kantini, nikipita "dada niamshe kesho", mpaka nikaufikia. Nanakili ulivyo:

"Achana nalo, usijitese. Chukua lile la kitivo cha jirani. Takwimu ni Takwimu. Mimi nilifanya hivyohivyo."

Hakuna mwongozo. Nimetafuta juu yake na chini yake. Pengine nilisema kwa mdomo, kwenye simu yenyewe. Simu ile ilidumu dakika nne, nimeangalia, na katika hizo nne sikumbuki kusema neno mwongozo. Nakumbuka nilicheka ulivyomwigiza mwalimu anavyofuta ubao.

Leo asubuhi nimempigia baba, nikamweleza hivyo. Akanyamaza kidogo, akauliza kama wewe umeshaambiwa. Nikasema ninaandika.

Joho nililirudisha mimi, usiendelee kuwakwepa wale watu. Karatasi niliyochora nimempa mama, iko ndani ya bahasha ya kaki, usiifanye kizuizi cha feni. Umebakiwa na somo moja, na muhula huu linafundishwa. Nimeuliza, usajili unafungwa Ijumaa saa kumi jioni na huhitaji saini ya mtu. Fomu ya kuhitimu inafunguliwa wiki hiyohiyo, ijaze hapohapo.

Kipindi bado kiko saa moja asubuhi. Nitakuwa nakupigia saa kumi na mbili kamili. Ukikata simu, nitajua umeamka.

Dada yako