Maandishi yaliyofifia si ushahidi kwamba katriji imekufa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagharimu watu wengi wanaofanya kazi za karatasi nyumbani hapa Nairobi, nalo ni printa ya leza inayoanza kutoa maandishi hafifu, pamoja na haraka ya baadhi ya wauzaji wa mjini kumwambia mteja, kabla hata hawajaichomeka printa kwenye umeme, kwamba dawa ni katriji mpya, yaani kile kibweta chenye unga wa kuchapia kinachochomekwa ndani ya printa.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama huku Buruburu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichapa kumbukumbu za mikutano yetu, barua za kanisa na, tangu mtaala wa umilisi uanze, kazi ambazo watoto wa majirani hutumwa nazo nyumbani na walimu wao. Mwezi Aprili mwaka huu, mvua ya masika ikiwa imeshika, herufi zilianza kutoka kijivu, kisha zikawa hafifu kiasi kwamba mweka hazina wetu alilazimika kuisogeza taarifa ya michango dirishani ili aisome. Nilichomoa katriji, nikaizungushia gazeti, nikapanda matatu hadi mjini. Muuzaji aliitikisa mara moja karibu na sikio lake, akasema, "Mama, hii imekufa, chukua mpya." Nikalipa zaidi ya shilingi elfu tatu. Jioni ile katriji mpya ilitoa ukurasa uliofifia sawasawa na ule wa asubuhi, na nilipoirudisha kesho yake nikajibiwa kwamba kilichofunguliwa hakirudishwi.

Aliyeninusuru ni mpwa wangu, ambaye hurekebisha mashine za fotokopi. Aliniambia, "Shangazi, usinunue kitu kingine, kwanza tuiulize printa yenyewe." Aliniagiza nichapishe ukurasa wa kawaida, na karatasi ilipofika katikati ya safari yake akazima umeme ukutani. Tukafungua kifuniko, akaitoa katriji taratibu, akainua kile kikinga chembamba kinachofunika silinda ya kijani ambayo mafundi huiita dramu. Palikuwa na mistari ya kumbukumbu zetu, imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, nyeusi kama masizi ya sufuria. Kwenye karatasi iliyokwama chini yake, mistari iliyotangulia ilikuwa kijivu tu, na sehemu ya dramu iliyokwisha kuigusa karatasi ilikuwa bado imebaki na unga mwingi ambao ulipaswa kuwa umehama.

Ili msomaji aone kwa nini jambo hilo lilimaliza ubishi, lazima ajue kwamba printa ya leza haimwagi wino wa maji. Inafuata njia aliyoigundua Mmarekani Chester Carlson mwaka 1938, ya kuchora kwa umeme tuli. Dramu hupewa chaji, mwale wa leza huchora herufi kwa kuiondoa chaji hiyo mahali panapohitajika, unga wa tona hunasa kwenye mchoro, kisha rola nyeusi ya sponji iliyo chini ya karatasi huuvuta unga kutoka kwenye dramu uingie kwenye karatasi, na mwisho sehemu yenye joto kali huuyeyusha ukashika. Kwa hiyo dramu ikiwa na herufi nyeusi huku karatasi ikiwa na herufi hafifu, katriji imekwisha kufanya kazi yake, na kosa linatafutwa kwenye ile rola au kwenye karatasi yenyewe. Dramu nayo ikiwa na herufi hafifu, hapo ndipo mtu aanze kushuku tona, dramu, leza au mipangilio.

Kwetu kosa lilikuwa kwenye karatasi na kwenye rola pia. Rimu ya karatasi nilikuwa nimeiacha wazi kando ya dirisha tangu Machi, na karatasi iliyonyonya unyevu huipoteza ile chaji inayopaswa kuuvuta unga. Tulipofungua rimu mpya maandishi yalikolea kidogo. Rola nayo ilikuwa imeganda unga na kuchakaa upande mmoja. Tuliibadilisha kwa bei iliyo chini sana ya ile ya katriji, na ukurasa uliofuata ulitoka mweusi kabisa. Kisha mpwa wangu akairudisha ndani ile katriji "iliyokufa", nayo ikaendelea kunichapia hadi mwisho wa Julai.

Kipimo hiki cha kusimamisha karatasi njiani kinachukua dakika mbili na hakihitaji chombo chochote. Atakayekijaribu asiiguse sehemu ya kuyeyushia unga, ambayo joto lake hukaribia nyuzi 200 za Selsiasi, wala asiiache dramu kwenye mwanga, kwa sababu mwanga huiharibu. Aifunike kwa kitambaa mara tu anapomaliza kutazama. Rola ya sponji nayo haipendi vidole, kwani mafuta ya ngozi huacha alama juu yake. Unga ukimwagika kwenye nguo, ukung'utwe na kufuliwa kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huuyeyusha ukashika moja kwa moja.

Kabla ya kufikia hapo kuna mambo mepesi ambayo muuzaji mwaminifu angeniuliza. La kwanza ni kama printa imewekwa kwenye hali ya kubana matumizi ya tona, kwa maana watu wengi huiwasha siku moja wakaisahau. Printa nyingi huweza kuchapa ukurasa wa taarifa zake bila kompyuta, kwa kubonyeza kitufe kilicho juu yake; ukurasa huo ukitoka mweusi na barua yako ikatoka hafifu, tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye barua yenyewe, hasa ikiwa aliyeiandika alichagua herufi za kijivu, ambazo printa huzichapa kama vidoti vilivyoachana. La pili ni namna ufifiaji ulivyokaa. Mstari mmoja mweupe unaoshuka kutoka juu hadi chini mara nyingi humaanisha kwamba tona imepungua au imelala upande mmoja, na kuiyumbayumbisha katriji kwa upole kulia na kushoto mara tano au sita huirudishia usawa kwa muda. Mstari huo usipoondoka, huenda vumbi limetua kwenye kioo ambacho mwale wa leza hupitia, na wakazi wa barabara zisizo na lami hawatashangaa kusikia hivyo.

Wenye printa za Brother wajue pia kwamba humo tona na dramu ni vipande viwili tofauti. Tona ikiisha dramu haitupwi, kwa kuwa huishi muda mrefu kuliko tona nyingi zitakazoipitia. Kwenye dramu za aina hiyo kuna kishikio kidogo cha kusukuma huku na huku ili kusafisha uzi wa waya unaoipa dramu chaji, na nimeshuhudia jirani yangu akitaka kununua dramu nyingine ilhali hakuwahi kukigusa kishikio hicho tangu ainunue mashine. Ukikisukuma, kirudishe mahali pake palipowekwa alama, la sivyo karatasi zitatoka na mstari mweusi.

Jambo jingine linalotuhusu sisi wa Nairobi ni mwinuko. Jiji letu limekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya printa, zikiwemo kadhaa za Samsung, zina mpangilio wa mwinuko kwa sababu kanieneo ya hewa huathiri ubora wa chapa. Sijakutana na muuzaji hata mmoja aliyenitajia mpangilio huo.

Kuhusu kujaza upya katriji, sipingi kazi hiyo hata kidogo, maana bila ya mafundi wanaojaza tona wengi wetu tungekwisha kuziuza printa zetu. Katriji kama HP 85A, ambayo hukadiriwa kuchapa kurasa zipatazo 1,600 kwa kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, hubeba dramu ndani yake. Ukiijaza unga mara tatu au nne bila kuibadilisha dramu wala kumwaga unga taka uliojikusanya, utapata maandishi hafifu hata kama tumbo lake limejaa. Unga nao haulingani. Unga wa modeli moja unaweza kutofautiana na wa nyingine kwa chaji na kwa kiwango cha kuyeyuka, na fundi anayechota kutoka kwenye chupa moja kwa kila katriji iletwayo anampa mteja bahati nasibu. Mteja hana namna ya kuliona hilo kwa macho, kwa hiyo ni juu ya fundi kulisema.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, pamoja na habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikafuata. Kwa msingi huo naomba mambo mawili kwa wenye maduka ya vifaa vya kompyuta mjini. Wamwombe mteja alete printa nzima badala ya katriji peke yake, kisha wafanye kile kipimo cha katikati ya safari mbele ya macho yake kabla ya kumuuzia chochote. Na anayejaza tona aandike juu ya katriji, kwa kalamu isiyofutika, tarehe, aina ya unga alioutia na kama dramu ilibadilishwa. Mpwa wangu amekwisha kuanza kufanya hivyo kwa wateja wake, na wale wanaorudi kwake na malalamiko huja wakijua ni kitu gani hasa wanachokilalamikia.

Wako mwaminifu,
Katibu wa chama,
Buruburu, Nairobi