Ushuhuda wa uponyaji usubiri kipimo

Mhariri,

Suala la waumini kuacha dawa za kifua kikuu baada ya kuombewa limegeuzwa vita vya sayansi na imani, bila sababu. Paulo mwenyewe alimwita Luka tabibu mpendwa. Tiba ya kawaida huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Kikohozi hutulia mapema, na hapo ndipo ushuhuda hutolewa madhabahuni, ilhali bakteria wanaozaliana polepole wangali mapafuni. Mgonjwa akiacha dawa, ugonjwa hurudi, pengine ukiwa sugu.

Makanisa ya Nairobi, ya mawe na ya mabati, yaendelee kuombea wagonjwa. Ila mchungaji asimpe mtu kipaza sauti kabla dozi kuisha na makohozi kupimwa kliniki.

Msomaji,
Nairobi