Mbwembwe za bendi zisiinyang'anye ngoma kubwa kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika, baada ya sherehe ya kitaifa iliyopita, kwamba bendi zetu za kijeshi zimepitwa na wakati, na kwamba kitu pekee kilichowaamsha watu jukwaani siku ile ni pale wapuliza tarumbeta walipovunja mistari yao katikati ya gwaride wakaanza kupiga wimbo wa bongo fleva huku wakiinama, wakizunguka na kutikisa mabega. Sibishi kwamba watu walishangilia. Nilikuwa nikitazama kwenye televisheni pamoja na mjukuu wangu, naye alisimama juu ya kochi, na mimi mwenyewe nilitabasamu. Lakini nilipuliza yufoniamu, chombo kikubwa cha shaba chenye sauti nene, katika bendi ya gwaride kwa miaka 22, na jicho langu halikuwa kwa wachezaji. Lilikuwa kwa gadi ya mwisho, yaani kundi la mwisho la askari wa gwaride, iliyokuwa bado inapita mbele ya mgeni rasmi, na nikaiona ikibadili mguu mara mbili kutafuta hatua iliyopotea. Jukwaa halikuona. Kila aliyewahi kuvaa buti za gwaride aliona.

Sababu yake ni nyepesi, na nashangaa haisemwi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Gwaride la mwendo wa haraka hukanyaga hatua 120 hivi kwa dakika, yaani hatua moja kila nusu sekunde. Askari aliye umbali wa mita 100 kutoka kwenye bendi husikia pigo la ngoma karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kirungu kugusa ngozi, na kwa wakati huo mguu wa mpigaji umekwisha kupita nusu ya safari ya hatua inayofuata. Hakuna mazoezi yanayoweza kuifuta hesabu hiyo. Kinachowezekana ni kuizoea. Pigo likiwa thabiti, kuchelewa kwake huwa kulekule kila mara, na askari wa nyuma hujifunza kuishi nako kwa kutazama kisigino cha aliye mbele yake. Pigo likiyumba, hata kwa madoido mazuri ya mpigaji aliyerusha virungu hewani na kuvidaka kwa kuchelewa kidogo, gadi nzima hubaki bila pa kushika. Ndiyo maana mwalimu wetu alikuwa akitwambia kwamba wapuliza vyombo wote wanaweza kukosea na gwaride likafika, lakini mpiga ngoma kubwa hana ruhusa hiyo.

Wapuliza vyombo vya shaba nao wana shida yao. Kipulizio hukaa juu ya midomo, na midomo ndiyo inayotoa sauti. Chombo hukuza tu. Mtu akiruka, chuma hugonga midomo, sauti hukatika au huteleza kutoka mahali pake, na akiruka dakika tano pumzi aliyoihitaji kwa noti ndefu inakuwa imekwisha tumika miguuni. Ongeza jua la saa sita mchana, ambapo hewa ndani ya bomba hupata moto na sauti za vyombo hupanda, kila kimoja kwa kiasi chake, hata bendi iliyopatanishwa vizuri kivulini ikajikuta haipatani tena uwanjani. Mpulizaji aliyetulia husikia tofauti hiyo na kuirekebisha kwa midomo. Anayecheza hasikii chochote isipokuwa makofi.

Hata hivyo, nisieleweke kuwa niko upande wa wazee wenzangu wanaosema bendi isiguswe kwa sababu ndivyo tulivyoachiwa na Waingereza. Hoja hiyo siipendi, na si kweli pia. Ngoma kubwa na matoazi tunayoyaona kuwa mali ya majeshi ya Ulaya, majeshi hayo yaliyachukua katika karne ya 18 kutoka kwa bendi za Waturuki wa Dola ya Uthmaniya, waliokuwa wakienda vitani na zumari, ngoma na matoazi. Wazungu walipoiga mtindo huo walitafuta watu weusi wa kuzipiga ngoma hizo, wakawavika vilemba na mavazi ya rangi, na kazi yao haikuwa kupiga tu, bali pia kurusha virungu na kujinyonganyonga viungo ili watu watazame. Kikosi kimoja cha Uingereza, cha 29 cha askari wa miguu, kilikuwa na wapiga ngoma weusi kuanzia mwaka 1759, na wa kwanza wao walikuwa vijana kumi waliochukuliwa katika kisiwa cha Guadeloupe na kutolewa na admirali mmoja kama zawadi kwa ndugu yake aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho. Desturi hiyo ilidumu humo hadi mwaka 1843. Ngozi ya chui anayovaa mpiga ngoma kubwa, na ile mizungusho ya virungu ambayo leo tunaihesabu kuwa utamaduni usioguswa, wengi huiunganisha na watu hao. Kwa hiyo anayesema mbwembwe ni uchafu mpya ulioingizwa na vijana wa bongo fleva, amelikuta tarumbeta limekwisha pigwa.

Na sisi wa pwani na bara hatukukaa tukitazama. Tangu miaka ya 1890 watu wa Mombasa na Lamu walikwisha lichukua neno la Kiingereza "band", wakalifanya beni, wakaunda vyama vya ngoma vilivyocheza kwa mwendo wa kijeshi na kushindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Huku kwetu majina makubwa yalikuwa Marini na Arinoti, yenye matawi kutoka mji hadi mji, yenye majenerali na makapteni wake. Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo askari na wapagazi wa pande zote mbili walivitembea kwa miguu, viliisambaza beni hadi Nyasa, na huko kando ya ziwa watu wasio na uwezo wa kununua shaba walitengeneza vibuyu vya kupuliza vinavyoiga sauti ya tarumbeta; ngoma ya mganda inayochezwa Ruvuma hadi leo imezaliwa katika ukoo huohuo. Babu yangu mzaa mama alikuwa kapteni wa beni. Hakuna serikali iliyompa cheo hicho, na hakuna serikali iliyoweza kumvua.

Nimeyaleta haya kwa sababu moja. Beni ilikuwa mbwembwe tupu, lakini mbwembwe zake zilitoka ndani ya hatua. Aliyepotea mguu alichekwa na chama cha upande wa pili, na kucheka kwao kulikuwa adhabu kubwa kuliko ya koplo. Mchezaji alizungusha fimbo, alikunja shingo, alivaa miwani isiyo na lenzi, yote hayo huku kisigino kikishuka pale pigo linaposhuka. Ninachokiona sasa ni kinyume chake: hatua inasimamishwa ili mchezo uanze, kisha hatua inaitwa irudi, nayo hairudi mara moja. Mipangilio yenyewe mingi nimeitambua, kwa kuwa mjukuu wangu hunionyesha kwenye simu. Imenakiliwa kutoka kwa bendi za vyuo vya Marekani, ambazo hucheza katika mapumziko ya mpira wa miguu wa kwao, uwanja ukiwa mtupu na bila gadi yoyote ya kuongozwa. Kwao inafaa. Hawana mtu wa kumpoteza hatua.

Mwandishi yule alidai pia kwamba jeshi la zamani halikujua burudani. Hapo amewakosea heshima marehemu wengi. Mwenge Jazz ilikuwa ya jeshi, Kimulimuli ilikuwa ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Polisi nao walikuwa na Polisi Jazz, na sidhani kuna mtu wa umri wangu ambaye hakuwahi kucheza dansi ya mojawapo. Palikuwa na nyumba mbili, na zote zilikuwa za sare. Asubuhi bendi ya gwaride ilisimama kama miti ya mkonge. Usiku, ukumbini, gitaa la solo likiita, vyombo vya shaba vilijibu kwa namna ambayo hakuna ofisa aliyekuwa na haja ya kuizuia. Hakuna aliyeomba mwendo wa pole ukumbini, na hakuna aliyeomba dansi mbele ya bendera. Nyumba ile ya pili ilipodhoofika, kiu ya burudani ikahamia ya kwanza, na ndiyo maana leo tunaidai bendi ya gwaride itupe vyote viwili ndani ya dakika arobaini, juani.

(Kuhusu matarumbeta ya harusi, ambayo baadhi ya wenzangu huyatumia kama tusi wanapotaka kuidharau bendi inayocheza: naomba wayaache. Vijana wale wanaokaa nyuma ya pikapu kutoka Mbagala hadi Tegeta hupiga kwa kusikia tu, bila nota, wakiwa katika gari linaloruka matuta, na mara nyingi tromboni zao zimeunganishwa kwa gundi. Wanastahili tuwavulie kofia.)

Wenzetu walioona tatizo hili mapema waliipa kila kazi uwanja wake. Mjini Edinburgh, Uskoti, tangu mwaka 1950 kuna maonyesho makubwa ya bendi za kijeshi kila mwaka mbele ya ngome ya mji, ambapo taa huwaka, watu hulipa kiingilio, na bendi kutoka nchi nyingi hucheza kila mchezo zinaoujua. Jina lenyewe la maonyesho ya aina hiyo, "tattoo", lilianzia Uholanzi katika karne ya 17, ambako wapiga ngoma walipita jioni kuwaambia wenye vilabu wafunge mabomba ya bia ili askari warudi kambini. Amri ya kufunga burudani ndiyo iliyogeuka kuwa burudani. Lakini askari wa Uingereza anayecheza usiku kwenye maonyesho, siku anapolinda bendera ya kikosi chake, anatembea hatua ileile waliyotembea waliomtangulia.

Ninachoomba kwa wakuu wa bendi zetu hakihitaji bajeti kubwa. Gwaride likamilike, gadi zitoke uwanjani, mgeni rasmi akae, kisha bendi ibaki peke yake na ipewe nusu saa yake. Hapo wacheze watakavyo, na mimi nitasimama juu ya kochi pamoja na mjukuu wangu. Nusu saa hiyo isijazwe na kilichovuma wiki iliyopita tu. Amri zetu za gwaride ziligeuzwa kuwa za Kiswahili zamani, na hakuna anayeshangaa kusikia "mguu pande, mguu sawa", lakini katika kabati letu la nota nyimbo nyingi za kutembelea zilikuwa na majina ya mito na miji ya watu wengine. Mapigo ya sita kwa nane, yaani yanayohesabiwa sita sita, ambayo ni ya kawaida katika muziki wa gwaride wa kigeni, yako karibu sana na mwendo wa ngoma zetu nyingi. Mtunzi mwenye sikio angeweza kuichukua mganda, akaiandikia kolneti, klarineti na tuba, na gadi zikatembea juu yake bila kubadili mguu. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ulianza kama wimbo wa kwaya, uliotungwa na mwalimu Enoch Sontonga mwaka 1897, na leo hakuna anayeusikia kwenye shaba akauona wa kuazima.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa saa za mazoezi hazivutiki kama mpira. Zinazoingizwa kwenye mipangilio ya kucheza hutolewa mahali fulani. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nchi nzima hunyamaza kusubiri baragumu. Baragumu halina vali wala kitufe. Sauti zake chache zote hutoka kwenye midomo na pumzi, mbele ya watu walionyamaza, na hakuna ngoma ya kufichia kosa. Ni chombo kinachodai miezi, na hakipigiwi makofi.

Mwaka juzi tulimzika mwenzetu aliyekuwa mpiga kolneti, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa yeye anayewapulizia wengine baragumu makaburini. Kijana aliyetumwa kumpulizia alikuwa nadhifu, na alipiga saluti safi. Nilipomwuliza pembeni liko wapi baragumu, alinijibu kwa adabu, "Shikamoo, mzee, hatujafundishwa bado, tulikuwa kwenye mazoezi ya onyesho." Alikuwa na miaka mitatu bendini. Mlio ulitoka kwenye spika ndogo iliyowekwa juu ya udongo wa kaburi, ukakatika katikati, naye akainama kuiwasha upya, sisi tukisubiri na kofia zetu mikononi.

Mpiga yufoniamu mstaafu,
Morogoro